Kasida ya Gari Jeusi

Gari jeupe halina habari. Laweza kushinda wiki nzima limeegeshwa Makadara, likanyeshewa, likatimuliwa vumbi, likapigwa na chumvi ya bahari, na Ijumaa ukilitazama kwa mbali utaapa limetoka kuoshwa. Wenye magari hayo wanaona wamepata nafuu. Mimi naona ni usiri. Kitu kinachokaa katikati ya mji kisiseme lolote juu ya mji huo kina lake jambo, na Mombasa imejaa vitu vya namna hiyo: Probox, matatu, magari ya kampuni, mengi meupe na yote kimya. Gari jeusi ndilo lenye ulimi. Nalisifu leo kwa kuwa sioni mwingine wa kulisifu. Fundi wa rangi hulicheka, mke wa mwenye gari hulilaani, na muuzaji wa yadi hulisifu mpaka ulipotia sahihi, basi.

Nasaba kwanza, kama ilivyo ada ya sifa. Kati ya 1914 na 1925 Henry Ford aliuza Model T kwa rangi moja tu, nyeusi, na mamilioni ya watu wakapewa rangi hiyo bila kuulizwa. Wakubwa wa Kenya nao wameichagua kwa hiari: msafara ukipita Moi Avenue chini ya zile pembe za ndovu, magari ya mbele ni meusi na yanameta. Bila shaka kuna mtu aliyeamka alfajiri kuyafuta, na hakuna anayemtaja mtu huyo. Hili la kwangu lilishuka Kilindini kutoka Japani. Sheria yetu hairuhusu mtumba uliozidi miaka 8, kwa hiyo lilifika likiwa bado kijana, halijawahi kuona kunguru wala mkokoteni. Lilikuwa limelelewa vizuri na halijui dunia.

Kunguru ndiye aliyelifunza. Simsemi yule wetu wa asili mwenye kifua cheupe. Namsema wa Bara Hindi, mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 ale taka, akaonekana Mombasa mwaka 1947, na tangu hapo amekuwa mwenyeji kuliko wenyeji. Mwenye gari jeupe hujua tu kwamba ndege amepita. Mwenye gari jeusi hujua alikula nini. Ile sehemu nyeupe ya doa ni asidi iliyoganda, maana ndege hakojoi maji kama sisi. Jua la saa sita hulainisha vanishi ya juu ya rangi, nayo ikatanuka. Jioni bati likipoa vanishi hujikunja kulifuata doa lilivyokaa. Doa huoshwa, umbo lake likabaki. Boneti langu sasa lina visiwa kadhaa, na upande wa kushoto nimeitambua Pemba.

Juni 2024 shirika la wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Watu walibishana juu ya sumu, juu ya vifaranga wa kuku, juu ya watalii wanaonyang'anywa chakula mezani. Sisi wenye magari meusi tulinyamaza, kwa kuwa tulikuwa na hesabu zetu wenyewe. Kwa ninavyoona juu ya paa la gari, waliosalia wamezishika zamu za marehemu. Na ole wako ulipige polishi! Kunguru hujiona mlangoni, akadhani kuna mgeni aliyevamia milki yake, akaanza kumdonoa. Sijui fundi gani wa polishi aliwahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo. Gari jeupe halijawahi kupiganiwa na mtu wala ndege.

Kisha kuna elimu ya maji, na hapa kisiwani hiyo ni elimu ya watu wazima. Maji ya mfereji yana safari: baadhi yake hutoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo Magharibi, yakasafiri bombani zaidi ya kilomita 200, na yakifika hutolewa kwa zamu. Zamu ikikupita, unangoja mkokoteni wa jerikeni au unachota kisima. Kisiwa chote kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, kwa hiyo kisima hukupa maji pamoja na chokaa yake, na mara nyingi chumvi pia. Mwagia gari jeupe maji hayo, halitasema kitu. Mwagia jeusi saa nne asubuhi: tone litakauka kabla kitambaa hakijafika, na litaacha duara jeupe palepale lilipokuwa. Ndiyo maana simwulizi kijana anayenioshea gari maji ameyatoa wapi.

"Haya ni ya kisima," namwambia.

"Wallahi mzee, ya mfereji!"

Namwonyesha mlango wa dereva. Hutazama, akacheka, akasema labda mfereji wenyewe siku hizi umebadilika. Jibu hilo siwezi kulikanusha, na nampa pesa yake.

Usidhani nalalamika. Weusi haukuja Mji wa Kale na gari. Wanawake wa hapa wamevaa buibui kwa vizazi, wakapita kwenye vichochoro vya kuta za chokaa na kurudi nyumbani bila alama begani, na mtu akitaka kujua namna ya kuishi na kitu cheusi katika mji huu, awaendee wao kabla ya kwenda kwa muuza nta za magari. Bi mkubwa mmoja jirani yangu, Kibokoni, ndiye aliyenipa kanuni ninayoifuata mpaka leo. "Mwanangu, cheusi hakisuguliwi kikavu. Chakung'utwa kwanza, kisha chatiwa maji, kisha ndipo chafutwa." Mafundi wote wa rangi niliowasikia baadaye walisema hayohayo kwa maneno marefu zaidi: kinachokwaruza ni mchanga ulionaswa chini ya kitambaa, na ile mikwaruzo midogo ya duara inayoonekana juani kila mmoja una mkono ulioutia. Bi mkubwa hakuishia kwenye kanuni. Baada ya kunitazama Jumamosi nyingi kutoka barazani pake aliniuliza, "Kwani wewe waosha gari, au gari lakuosha wewe?"

Sijampa jibu. Ila natambua kwamba kabla ya gari hili nilikuwa siwajui majirani zangu. Sasa namjua kila hamali wa mtaa kwa urefu wa ncha za mkokoteni wake. Ndia Kuu ilikuwapo kabla ya magari, na haijaona sababu ya kujipanua kwa ajili yao. Tuktuk ikikutana na mkokoteni, kinachosogea ni rangi yangu. Namjua paka wa kila nyumba, maana bati jeusi hubaki na joto la jua hata baada ya magharibi, na paka wa Mji wa Kale hawana haja ya kuelezwa hilo. Alfajiri nakuta nyayo zao zimepanda kioo cha mbele, zimezunguka, zimelala, zimeshuka. Nawajua na watoto wa madrasa. Mwingine angeandika "nioshe" kwenye vumbi kama watoto wa kila mahali. Wa kwetu aliandika "Arsenal", kwa kidole kilichokuwa na mchanga, kwa hati nzuri ya kupendeza, nalo vumbi lilipooshwa neno likabaki. Jua la alasiri likilipiga kwa ubavu linasomeka vizuri kabisa. Sikuwa na timu. Sasa ninayo, na ikifungwa wauza kahawa hunipa pole.

Habari za bandari nazo nazipata bila kuuliza. Meli ikipakua klinka Kilindini na upepo ukigeukia kwetu, asubuhi gari lina unga wa kijivu. Klinka ndiyo inayosagwa kuwa saruji, na vumbi lake likikutana na umande huanza kufanya kazi liliyoumbiwa, yaani kushika. Siku hizo ndizo ambazo kanuni ya Bi mkubwa haina mjadala. Msimu wa kungu kuiva, popo hula usiku juu ya mkungu na kuangusha makombo chini, pamoja na mengine nisiyoyataja. Hayo nayapita haraka. Kuna watu wanasoma wakiwa mezani.

Kuhusu joto nitakuwa mwaminifu. Mwaka 2011 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, walieleza jinsi walivyoegesha juani magari mawili ya Honda Civic, moja jeusi na moja la rangi ya fedha. Hewa ndani ya lile la fedha ilikuwa baridi zaidi kwa nyuzi 5 hadi 6 hivi za Selsiasi. Walichosahau kukipima ni udi. Mtu aliyejifukiza nyumbani akaingia kwenye gari jeusi lililokaa juani Mama Ngina Drive hupata faida ambayo wenye magari meupe hawaijui: nguo huanza kunukia upya, viti vikaitikia, na abiria akishuka Nyali watu hudhani ametoka harusini. Kwamba ameshuka amelowa jasho ni gharama ya manukato.

Wapo waliomwogopa msema kweli huyu. Mapema 2018, Ashgabat, mji mkuu wa Turkmenistan, polisi walianza kuyakamata magari meusi, kwa kuwa rais wa nchi hiyo alipenda weupe. Wenye magari wakalipia kuyapaka rangi upya. Mwaka huohuo serikali ya kaunti yetu iliamuru majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu. Magari haikuyagusa, na kwa hilo naishukuru kwa dhati. Lakini hesabu ya amri ile naijua mimi: kuta zikawa nyeupe, vichochoro vikabaki na upana uleule, na kila nikipishana na tuktuk sehemu ya weupe huo hutoka ukutani ikahamia mlangoni kwangu. Naweza kukwambia nyumba ipi ilipakwa rangi ya kweli na ipi ilipakwa maji ya chokaa, bila ya kushuka garini.

Kwa huduma hizi zote naiomba kaunti jambo moja. Gari jeusi lisamehewe ada ya maegesho. Linapima vumbi la bandari, linasajili kunguru, linakagua maji ya kisima na rangi za kuta, na halijawahi kuomba posho ya kikao. Wakikataa, basi waukate ule mkungu ninaoegesha chini yake. Au la, wauache. Kivuli kingine kiko mbele ya ofisi moja, na askari wa hapo ana gari jeupe na maswali mengi.