Kidude cha Shemeji

Shemeji yangu hadanganyiki kwa maneno, hutaka aonyeshwe. Ndiyo maana muuzaji alimpata. Palepale sokoni aliwasha pampu ya maji, akaubana waya kwa ile mita ya mafundi: ampea 5. Akachomeka kidude cheupe chenye taa ndogo ya kijani: ampea 3.3! Shemeji akatoa hela bila hata kuomba apunguziwe, jambo ambalo ukoo mzima hatujalielewa mpaka leo.

"Umeme umeshuka theluthi nzima, shemeji," akaniambia, kisha akaruhusu hata soksi zipigwe pasi.

Kwenye ampea muuzaji hakusema uongo. Volti 230 mara ampea 5 ni 1,150, ila hizo ni volti-ampea. Pawa fakta ni sehemu ya volti-ampea hizo inayoliwa kweli; pampu yenye pawa fakta ya 0.6 inakula wati 690 tu. Mkondo mwingine ni wa kujenga sumaku ya mota: unaingia na kurudi ulikotoka, kama mgeni anayepita sebuleni akatokea uani bila kugusa chakula. Kidude kina kapasita ndani, kinampokea mgeni huyo hapohapo asisumbuke hadi kwenye nguzo. Pawa fakta inapanda, inafika 0.91 hivi. Haya, zidisha: 230 mara 3.3 mara 0.91. Wati ni zilezile 690!

Na LUKU, ile mita ya umeme ya nyumbani, inahesabu kilicholiwa. Wapita njia haina habari nao. Pasi ndiyo kabisa: ni waya wa moto mtupu, pawa fakta yake 1, kidude hakina cha kurekebisha.

Yuniti zikaisha siku ya fainali. Mpira upo kwenye nukta ya penalti, kipa anarukaruka, giza! Majirani wakapiga mayowe, nasi hatujui ni ya furaha au ya msiba. Shemeji akakimulika kidude kwa tochi ya simu, akatoa hukumu: "Kimezidiwa. Nyumba hii inataka viwili." Kesho yake vikawa viwili.

Viwandani kapasita huokoa fedha kweli, maana wateja wakubwa hutozwa pia kwa kVA, yaani zile volti-ampea kwa maelfu. Wewe mwenye friji na pasi, usibishane na muuzaji. Mlete mbele ya LUKU yako, washa pampu yake, mhesabu pamoja ile taa nyekundu inavyopepesa kwa dakika chache, bila kidude na kikiwa kimechomekwa. Hesabu zikilingana, mrudishie mzigo wake.