Tuisifu F

Washairi wamesifu wali wa nazi, wamesifu kanga, wamesifu macho ya wapenzi wao mpaka wenye macho wakachoka. Sijamwona aliyesifu F. Sisemi herufi, ingawa herufi nayo nitaifikia. Nasema F ya gitaa, ile wapigaji wetu wanayoiita kodi ya F, na kama kuna neno lililojipatia pahala pake katika Kiswahili basi ni hilo. C, G na D ni kodi kwa jina tu. F ndiyo inayokuja mlangoni mwisho wa mwezi ikagonga.

Kwangu imegonga miezi mitano. Binamu yangu wa kike alipochumbiwa, kamati ya harusi ilikaa ikagawa majukumu: mjomba mbuzi, shangazi vitenge, na mimi nikapewa “Malaika”. “Si una gitaa, kaka?” mwenyekiti akaniuliza. Nilikuwa nalo kweli, limetundikwa sebuleni kama saa iliyosimama. “Basi. Wimbo wenyewe rahisi, kila mtu anaujua.”

Ni kweli, kila mtu anaujua. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akautembeza duniani, na utunzi wake umegombewa mpaka leo, wengine wakisema ni wa Fadhili, wengine wakisema ni wa Adam Salim, Mtanzania mwenzetu. Mimi sina upande katika kesi hiyo. Nataka tu ijulikane kwamba aliyeutunga, awe nani, hakuwa na deni na F. Ukiupiga kwa C, unaingia vizuri, unafumba macho, unaanza kujiona msanii, ukifumbua F imeshasimama mbele yako na daftari lake.

Kwa asiyeijua, inashikwa hivi. Kidole cha shahada, ambacho maisha yake yote kimezoea kusimama na kuwanyooshea wenzake lawama, unakilaza kifudifudi kwenye freti ya kwanza, kikatize nyuzi zote sita. Cha kati kinaenda freti ya pili. Cha pete na kile cha mwisho vinabanana freti ya tatu kama abiria wa kiti cha nyuma cha daladala. Gumba linasukuma kwa nyuma. Kisha unapiga, na gitaa linasema: tk.

Hiyo, basi, ndiyo fadhila yake ya kwanza, unyenyekevu. Nyingine nazitaja kwa haraka. Inakata kucha. Inamwondolea mtu ubahili, kwa maana nyuzi zikikatika lazima ununue. Inaleta ujirani mwema: mama mwenye nyumba, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kunitembelea, sasa huja kila jioni kuuliza kama nimemaliza. Inakuza hata sekta ya dawa. Jean Bosco Mwenda, bingwa wa Katanga aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, mtu aliyepiga kwa gumba na shahada tu ukadhani wako watatu, aliwahi kupewa kazi Nairobi ya kuitangaza Aspro. Wapo wanaoona ni biashara tu ya matangazo. Aliyejifunza F anajua vidonge vya kichwa na gitaa vilikutana wapi.

Lakini fadhila yake kuu, ambayo kwa ajili yake ningeomba F ichongewe sanamu pale kipilefti cha Msamvu, hapa Morogoro, ni uadilifu wake katika kutahini.

Hebu fikiri. Mtihani wa F umevuja. Umevuja miaka mingi kabla hujazaliwa. Swali ni moja, halibadiliki, limechapwa kurasa za mwanzo za kila kitabu cha gitaa, na jibu limechorwa hapo hapo kwa vidoti vyeusi. Hakuna msimamizi wala askari mlangoni. Hakuna anayekwambia kalamu chini. Unaruhusiwa kuingia na karatasi, kuingia na simu, kuingia na mjomba wako aliyewahi kuimba kwaya. Na bado unafeli.

Kukariri hakusaidii. Mimi niamshe saa nane za usiku, nitakutajia F kidole kwa kidole bila kukosea. F inanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, halafu inauliza: sawa, inalia? Rufaa haipo. Kujuana hakupo. Nimejaribu kuihonga. Nililifungia gitaa kapo ili niuhamishe wimbo pasipo na F, sauti ikapanda mpaka pale ambapo ni binamu mwenyewe tu angeweza kuimba, na bibi harusi haimbi kwenye harusi yake. Nikajificha kwenye ile F ndogo ya nyuzi nne, wanayopewa watoto na wagonjwa. F kubwa haikusema kitu. Ilinisubiri kwenye ubeti wa pili. Matokeo, isitoshe, yanatoka papo hapo, na hayana madaraja. Kwenye mtihani wa kidato cha nne F ni yako ukipata chini ya 30, kwa hiyo kuna F ya 29 yenye matumaini na F ya 3 isiyo nayo. F ya gitaa haina 29. Inalia, au tk.

Linganisha na mtihani mwingine wa gitaa niliowahi kuufanya. Nilipata 84. Sitanii. Nilikuwa darasa la tano, hapa hapa Morogoro, na kwenye ratiba kulikuwa na kipindi kilichoandikwa Muziki. Mwalimu alilichora gitaa ubaoni kwa chaki, nyuzi sita kwa rula, mviringo wa tundu kwa kufuatisha kifuniko cha chupa ya chai, akaandika majina ya sehemu zake kwa mishale. Tukanakili. Mtihani ulipofika tuliulizwa gitaa lina nyuzi ngapi, na taja sehemu zake tano. Nikazitaja. Aliyepata 100 alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu. Kati yetu hakuna hata mmoja aliyekuwa amegusa uzi.

Na gitaa lilikuwepo! Msomaji anisamehe, najua nilikuwa nasifu. Lakini lilikuwepo, juu ya kabati ofisini kwa mwalimu mkuu, hatua thelathini kutoka kwenye ubao ule, ndani ya mfuko wa nailoni, mgongoni limeandikwa namba ya mali ya shule kwa rangi nyeupe. Lilikuwa limepungukiwa nyuzi mbili. Tulikuwa tukiliona tunapoitwa kuchapwa. Mwanafunzi mmoja mwenye ujasiri aliwahi kuuliza kwa nini hatulitumii, akajibiwa kwamba tutaliharibu. Miaka saba nimesoma pale. Tungeliharibu kwa kulifanya nini, kulipiga?

Tena hii ni Morogoro. Huu ndio mji ambao Salum Abdallah aliusimamishia Cuban Marimba, na Mbaraka Mwinshehe akatoka hapa na Morogoro Jazz, solo lake likasikika mpaka Kenya, kabla hajafa kwa ajali Mombasa mwaka 1979 akiwa hajafika miaka 35. Bendi mbili kubwa, mji mmoja, watu wakigombana mitaani ni ipi kali. Dar es Salaam nako chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi mwaka 1964, kikatafuta vyombo, kikawalipa wapigaji mshahara kama makarani. Jeshi lilikuwa na bendi, polisi walikuwa na bendi. Sisemi enzi zile zilikuwa pepo, maana gitaa lilikuwa mali ya mwajiri, na ukiondoka unaliacha. Lakini kijana asiye na senti alikuwa na pahala pa kulikuta gitaa lililotyuniwa, na karibu yake mtu mzima wa kumwambia: shusha kiwiko.

Shusha kiwiko. Maneno mawili, na mimi yalinichukua miezi minne kuyasikia. Siku niliyokuwa tayari kuirudishia kamati “Malaika” yake, nikaelekezwa kwa mzee mmoja karibu na soko, zamani alikuwa akipiga rizimu kwenye bendi, sasa anatengeneza redio. Alilipokea gitaa langu asilipige. Alifumba jicho moja akaitazama shingo yake kwa urefu, kama mtu anayelenga bunduki.

“Mwanangu, umekuwa ukilipiga hili?”

“Najaribu, mzee. F ndiyo inanishinda. Vidole vyangu vibovu.”

“Vidole vyako vina nini? Gitaa halijachongwa.”

Akanionyesha. Kile kipande cheupe cha plastiki kilicho kichwani mwa shingo, ambamo nyuzi hupita kwenye vifereji kabla ya kushuka, vifereji vyake vilikuwa havina kina. Kwa hiyo kwenye freti ya kwanza nyuzi zilisimama juu kama waya za umeme, na freti ya kwanza ndipo nyumbani kwa F. Alizilegeza, akachukua tupa nyembamba kama sindano ya magunia, akasugua kifereji cha kwanza mara tatu, akapuliza vumbi, akarudisha uzi, akabonyeza, akasikiliza, akasugua tena mara moja. Hivyo hivyo mpaka wa sita. Haikufika nusu saa. Alichukua shilingi elfu tatu na akaona ameniibia, akaniongezea ushauri wa bure: kiwiko kikae karibu na mbavu, shahada uilaze kwa ubavu wake mgumu, siyo kwa tumbo lenye nyama, na nani alikwambia ukamue nyuzi zote sita? Zile tatu za kati zimeshashikwa na vidole vingine mbele yake. Shahada kazi yake ni ule mnene wa juu na zile mbili nyembamba za chini. “Wewe unalipa kodi ya nyumba nzima,” akasema, “na umepanga chumba kimoja.”

Kwa hiyo F inapokea tupa, na habari ya sanamu itabidi kamati ikae upya. Lakini fikiria ile miezi minne. Nilijiita mzembe. Nilijiambia nina vidole vya kupasulia kuni, mke wangu hakubisha. Niliamini muziki uko kwenye damu, na damu yangu ni ya watu wa mahesabu. Kumbe plastiki ya unene wa ukucha.

Haikulia siku ile. Mzee alinikataza kukaa nayo saa mbili mpaka mkono uwake moto, akaniambia dakika kumi asubuhi, kumi jioni: C, F, C, F, bila wimbo, polepole kama anayevuka mto asioujua. Nikianza kukasirika nipande freti ya tano, ambako mkao ule ule ni laini, nimalizie hasira huko, halafu nishuke hatua moja moja. Wiki ya tatu, Jumanne, kabla ya jua, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa uani, nikaishika F kama nilivyoishika mara elfu, nikapiga. Nyuzi sita. Zote. Mke wangu alikuwa anafagia upande wa pili, na ufagio ukasimama. “Hiyo ndiyo?” akauliza. Nikasema ndiyo hiyo. “Haya,” akasema, akaendelea kufagia.

Harusini niliupiga. Nakumbuka F zilizolia, na moja iliyosema tk, ambayo MC aliongea juu yake kuwaomba watu makofi. Mungu ambariki MC yule na kipaza sauti chake. Mwenyekiti wa kamati alinishika bega baadaye akaniambia, si unaona, si nilikwambia rahisi.

Wiki mbili baada ya hapo nilipita shuleni kwetu. Mwalimu mkuu ni wa tatu tangu enzi zangu na kabati ni jipya, la chuma. Ofisi ilikuwa imefungwa, nikachungulia dirishani. Gitaa wamelihamishia juu ya kabati jipya, kwenye mfuko ule ule. Mfukoni nilikuwa na nyuzi mbili na ile tupa, niliyoiazima kwa mzee. Mwalimu wa zamu, binti mpole, aliniambia ufunguo anao mkuu, na mkuu yuko semina. Tupa nimemrudishia mwenyewe. Nyuzi nimeziacha kwa yule binti ndani ya bahasha, juu yake nimeandika “Za gitaa”. Na wewe mwenye mtoto shuleni, siku ya kikao cha wazazi, wakati mkuu anasoma taarifa ya mapato na matumizi, inua macho utazame juu ya kabati.