Wakili wa Mbuzi

Tangu jana jioni Kahororo nzima naitwa Wakili wa Mbuzi. Mwenye duka ameniuliza kama mteja wangu amepata dhamana. Mama mkwe, ambaye ucheshi haumo katika dini yake, alicheka hadi akashika mwimo wa mlango.

Kisa kilizuka kwenye kundi la WhatsApp la wakulima wa migomba. Mbuzi wangu ana jipu shingoni. Nikaandika: "Bwana shamba, yanatoka majimaji ya njano, nifanyeje?" Hata sijaweka simu chini, jibu lake likatua chini ya swali langu: "Kata chini kabisa, usihurumie. Hakuna dawa. Usimgawie jirani hata kipande. Panga pitisha motoni."

Nilimwandikia waraka. Nilimwambia mbuzi ana damu kama yeye. Nikamuuliza cheti chake alikipatia bucha gani. Nikamkumbusha kwamba Nuhu, palipotokea shida, aliwapandisha wanyama safinani, hakuomba panga. Mstari wa mwisho wote ulikuwa herufi kubwa.

Kundi likanyamaza. Kisha mtu akaandika: "Ma, anaongelea mgomba." Baada ya hapo vikatuni vya kulia kwa kicheko vikamiminika kama senene wa Novemba.

Usiku sikulala, nikachunguza imekuwaje. Asubuhi ile, mkulima mwingine aliuliza habari za mkungu wake ulioiva kabla ya kukomaa, ukikatwa unachuruzika utomvu wa njano. Bwana shamba akamjibu vizuri tu, ila alikuwa bondeni huko Muleba ambako mtandao haufiki. Ujumbe wa namna hiyo haupotei. Unakaa ndani ya simu ya mwandishi na alama ya kijisaa pembeni, unasubiri. Mwenye simu akipanda mlima, simu inanasa mnara, kijisaa kinageuka tiki moja: maana yake mashine za WhatsApp zimeupokea. Zikiufikisha kwa wanakundi wote, tiki ya pili. Sasa hapa ndipo pazuri: kwenye simu zetu sisi wengine ujumbe haukai mahali ulipoandikwa, unakaa mahali ulipopokelewa. Kwa hiyo jibu la asubuhi lilisafiri saa kadhaa bila kutoka mfukoni mwa mtu, likafika mchana na kukuta mbuzi wangu kasimama pale ulipokuwa mgomba.

Dawa yake ipo. Unaukokota kwa kidole ujumbe unaotaka kuujibu, nao unajibandika juu ya jibu lako. Kanuni za barua pepe za mwaka 1982 tayari zilikuwa na mahali pa kutaja barua inayojibiwa. Katika kundi letu hakuna anayekokota chochote, wote tunajibu hewani.

Na jibu lile lilikuwa sahihi, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ugonjwa wa mgomba ule ni mnyauko unaoletwa na bakteria. Wadudu wanaofuata ua dume huwabeba kutoka mgomba hadi mgomba, na panga lililokata mgonjwa huwapeleka kwa mzima; ndiyo maana panga hupitishwa motoni, na ua dume huondolewa kwa kijiti chenye panda. Ugonjwa uliandikwa kwanza Ethiopia, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukawa umeingia kwetu Kagera.

Wakati huo hapakuwa na kundi la simu. Wataalamu walikuja na tangazo lisilo na utata: mgomba mmoja ukiugua, ng'oa shina zima, mama, watoto na wajukuu. Mama yangu alilielewa neno kwa neno. Aling'oa kibanja cha migomba alichoachiwa na mama mkwe wake, shina baada ya shina, akachoma jasho lake mwenyewe. Baadaye watafiti wakagundua kwamba bakteria hawafiki kila mara kwenye migomba yote ya shina moja. Ukikata kwa uangalifu ile inayoonyesha dalili tu, tena na tena, shina huweza kupona. Ushauri ukabadilishwa. Hakuna aliyerudi kumwambia mama, wala kumletea chipukizi moja la kuanzia. Yeye alisoma sawasawa akabaki na uwanja mtupu. Mimi nimesoma ovyo, na mbuzi wangu yuko hai, anakula majani ya jirani. Anayepaswa kuchekwa hapa ni nani?

Makosa yangu mengine ya kusoma ni madogo. Niliitwa kwenye mafunzo ya "saa 2:00", nikafika asubuhi na umande. Aliyeniita alikuwa anasoma simu, yeye alimaanisha saa nane mchana. Kuna pia siku niliyoweka dole gumba la pongezi chini ya picha ya kisiki kilichooza.

Leo msimamizi amelifunga kundi: wataandika wataalamu pekee. Mwenye swali ampigie bwana shamba. Nimempigia kuhusu lile jipu. Hapatikani, yuko bondeni.