Hema Kilimani, Bibi Harusi Kawangware

Tuwape haki yao wakubwa wa Jogoo House, makao ya Wizara ya Elimu: madarasa yalijengwa. Mwaka 2021, chini ya waziri wa elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, serikali ilipanga shilingi bilioni 8 za madarasa 10,000 ya sekondari msingi, kila moja karibu shilingi 788,000. Yakajengwa haraka, ndani ya shule za upili. Desemba 2022, serikali mpya ikatangaza kwamba watoto wenyewe watabaki shule za msingi.

Ndiyo harusi yetu hiyo: hema limepigwa Kilimani, bibi harusi ameketi Kawangware, na kamati inaitisha mchango upya. Mchango ukatoka. Ili gredi ya 9 ipate pa kukaa Januari 2025, zikaanza mbio za madarasa mengine 16,000, safari hii kwenye shule za msingi. Mwaka mmoja baadaye watoto walewale, sasa wa gredi ya 10, wakahamia shule za upili. Huko walikuta madarasa waliyojengewa hata kabla ya kuingia gredi ya 7. Asiseme mtu kwamba hatupangi mapema.

Lakini mpango wa kupaka rangi haujawahi kuyumba. Darasa lililojengwa kwa pesa za NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, utalijua ukiwa bado ndani ya matatu: jina la mbunge ukutani, herufi za kimo cha mtoto wa chekechea. Jina la shule, kama nafasi imebaki, litabanwa pale chini karibu na bomba la maji.