Waini Inayonuka Rangi ya Mlango

Jamani, bia haina maswali. Unafungua, unakunywa, unagombana na mhudumu kuhusu chenji, unaenda kulala. Waini nyekundu ni mtihani wa taifa.

Nimealikwa kwa shemeji Tabata. Tumbo nimeliacha tupu tangu asubuhi. Mbuzi yuko jikoni anadondosha mafuta kwenye mkaa. Mimi napewa glasi kubwa, waini kidogo ya kulowesha ulimi. Nataka kunywa, naambiwa subiri shem, zungusha kwanza. Nikazungusha. Ikaruka, ikatua kwenye shati. Shati jeupe. La kuazima.

Haya, nusa. Harufu gani? Ukumbi mzima kimya, macho kwangu. Nikasema rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango. Mama mkwe alicheka mpaka akaomba maji.

Shemeji akashusha mhadhara. Eti zabibu yake ni Pinotage, mzaliwa wa Afrika Kusini. Mwaka 1925 Profesa Abraham Perold wa Stellenbosch aliozesha Pinot Noir, zabibu ya Kifaransa inayodeka, na Cinsaut, isiyojali jua. Zikapatikana mbegu nne tu, akazipanda bustanini kwake. Alipohama, magugu yakatawala, wafyekaji wakaja. Inasimuliwa kwamba mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, alikuwa anapita na baiskeli akaiokoa miche. Mimi nikitolewa vyombo nje na mwenye nyumba, hapiti hata mtu wa bodaboda.

Halafu anamalizia: Pinotage ikitengenezwa ovyo hunuka rangi au ndizi, wajuzi wameilalamikia miaka mingi. Si ndicho nilichosema? Hakuna aliyekumbuka. Sifa kachukua yeye.

Njaa ikanizidi, nikavamia changu wa kupaka, pilipili kibao, nikashushia na waini. Mdomo ukawa kama nimelamba msumari, pilipili ikapanda mara mbili. Shemeji anatikisa kichwa. Kumbe kuna kitu kinaitwa tanini, kinatoka kwenye ganda la zabibu, ndicho kinachokausha ulimi. Samaki hakipatani naye. Kinataka mafuta ya nyama na moshi. Ndiyo maana wenyewe Afrika Kusini wanaishushia nyama ya kuchoma, wanaita braai, na soseji zao za boerewors. Mafuta yanalainisha waini, waini inakata mafuta. Somo zuri sana. Nilipogeukia sinia la mbuzi, imebaki kachumbari.

Na hili la kunywa waini nyekundu kwa joto la chumba, chumba cha nani? Hesabu hiyo ni ya Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Mimi nakaa Dar, chumba cha bati bila dari. Ukiiacha mezani Februari unakunywa supu.

Kwa hiyo sikiliza, jirani. Ukipata Pinotage, itie friji nusu saa. Tafuta mbavu za mbuzi zenye mafuta, au kitimoto kama dini inaruhusu. Ndimu sawa, pilipili punguza. Samaki mwachie mama mkwe. Shemeji kanipa chupa nzima, pole ya shati. Ina kizibo cha gome, nimejaribu uma, bisibisi, meno. Mwenye kizibuo anigongee mlango, ila aje na nyama yake.