Kinanda Kina Kumbukumbu, Mwenyewe Je?

Hongera, fundi wetu wa kinanda. Umehifadhi sauti mpaka nafasi zimejaa, na kila moja umeipa jina la maana: Mpya, Mpya2, Mpya Kabisa, Jumamosi. Bibi harusi yuko mlangoni, wapambe wameshika shela, mshereheshaji keshaomba watu wasimame. Nawe umeinamia kioo unatafuta Jumamosi ipi.

Ukabonyeza. Mkono wa kulia ukatoa akodiani, ya taarabu hasa. Wa kushoto, palipotakiwa besi, ikaitika kwaya ya kina mama. Na kwa kuwa mpaka wa kugawa kinanda uliachwa palepale pa wimbo uliopita, kila kiitikio kikishuka akodiani inavuka ukuta na kuokoka.

Tunaambiwa hiyo ndiyo ladha. Haya.

Umeme ukakatika, ukarudi. Kinanda nacho kikarudi, na mipangilio ya kiwandani, maana ile ya jioni nzima hukubonyeza kuihifadhi. Flashi ya akiba? Ipo, iko nyumbani, imejaa filamu.

Malipo yaliyobaki, lakini, uliyataja hadi shilingi ya mwisho, gizani, bila kutazama popote.