Imetumwa, Haijatoka

Ofisini hakuna kauli inayoaminika kirahisi kama "nimeshatuma." Mkuu wa idara akiuliza ripoti iko wapi, mhusika hujibu bila kupepesa macho kwamba ameituma tangu asubuhi, na wala hasemi uongo: alibonyeza kitufe, dirisha likajifunga, akaenda kunywa chai. Ripoti yenyewe imejilaza ndani ya kompyuta yake hiyohiyo, kwenye kikasha toezi (Outbox), ikisubiri mtandao uliokatika saa tatu. Lawama atabeba fundi, kampuni ya simu na, ikibidi, mvua. Kumbe programu ya baruapepe imeeleza tangu mapema, kwa herufi ndogo za adabu, kwamba iko nje ya mtandao, ila hakuna aliyeisoma. Nasema vituko vya namna hii havitokani sana na mtandao kukatika. Vinatokana na sisi kuipanga programu kana kwamba mtandao umekula kiapo cha kutokatika.

Baruapepe yenyewe haikuumbwa kutegemea kiapo hicho. Tangu Ray Tomlinson alipotuma ujumbe kati ya kompyuta mbili kwenye mtandao wa ARPANET mwaka 1971, uzuri wake umekuwa kwamba mpokeaji si lazima awepo; barua inawekwa, naye ataikuta. Kanuni za SMTP, zinazosafirisha barua kutoka seva hadi seva tangu 1982, zimejaa subira. Seva ikishindwa kufikisha barua, inashauriwa ingoje angalau dakika 30 ndipo ijaribu tena, na isikate tamaa mpaka zipite siku 4 au 5. Mwenye barua hana moyo huo. Akiona kimya anaiandika upya na kuituma tena, kisha tena, na mtandao ukirudi jioni mkurugenzi anapokea maombi manne ya likizo ileile, kila moja likiwa na hasira kuliko lililotangulia.

Tutazame Thunderbird, programu ya bure ya Mozilla iliyotoka rasmi mwaka 2004. Chini kabisa, pembeni kushoto, ina alama ndogo. Ukiibonyeza, programu inajitoa mtandaoni hata kama intaneti ya jengo zima inakimbia. Kidole kikiteleza hapo, siku imeharibika. Ruta itazimwa na kuwashwa, waya utachomolewa na kupulizwa, bando jipya litanunuliwa, mwishowe ataitwa kijana wa TEHAMA, ambaye atabonyeza mara moja na kuondoka bila kusema neno, jambo linalouma kuliko kutukanwa. Lakini alama hiyohiyo ikibonyezwa kwa makusudi ni msaada mkubwa: ukitaka kutoka mtandaoni, programu inaweza kukuuliza kama ipakue barua kwanza, na ukirudi, kama itume zilizokuwa zikisubiri. Sharti uwe umehakikisha mapema, kwenye mipangilio ya akaunti ya IMAP, njia inayoziacha barua kwenye seva, kwamba zinatunzwa pia ndani ya kompyuta, na folda zipi. Ambaye mpangilio huo umezimwa anapanda basi la Dodoma akiwa na orodha nzuri ya vichwa vya barua, anafungua ile yenye ajenda ya kikao, na ndani hamna kitu. Anayetumia POP, njia nyingine ya kupokea barua, ana kisa chake, kwa kuwa njia hiyo kwa asili huchukua barua na kuzifuta kwenye seva isipoagizwa kuziacha. Kompyuta ya nyumbani ikiwahi kuamka inazizoa zote. Ya ofisini inakuta kikasha kitupu, na mwenyewe anashinda akifurahi kwamba leo hakuna anayemdai.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya zamani, siku hizi mtandao uko kila mahali. Ni kweli nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, zilitufikia mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na tukasahau simu za mezani zilizokuwa zikipiga miluzi kutafuta intaneti. Ila tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika baharini, na watu wa Tanzania, Kenya na nchi jirani wakabaki wanatazama kiduara kinachozunguka. Na hata nyaya zikiwa nzima, bando lina tabia ya kuisha kiambatisho kikiwa nusu njia. Wengine watasema tuhamie WhatsApp yaishe. Sawa, lakini nayo bila mtandao inakuwekea saa ndogo na kukungojesha vilevile. Tofauti ni kwamba saa ile tunaitazama, kikasha toezi hatukitazami. Pingamizi lenye uzito ni la usalama: barua zikikaa kwenye kompyuta, kompyuta ikiibwa nazo zimekwenda. Hilo silibishi. Dawa yake ni kusimba diski, kuweka nywila ambayo si jina la mtoto, na kutunza barua za siku 30 za karibuni tu badala ya mizozo ya ofisi ya miaka kumi. Hatari inapunguzwa kwa kuchagua cha kubeba. Anayesafiri mikono mitupu amejikinga na mwizi, lakini kikaoni hana la kusema.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: programu ya baruapepe ipangwe kwa ajili ya siku mbaya, kwani siku njema haihitaji mpango. Kabla ya safari ijayo, msomaji, zima data ukiwa bado nyumbani, kisha fungua kiambatisho utakachokihitaji kesho. Kikifunguka, nenda kalale. Kikigoma, washa data ukipakue usiku huohuo, na kabla ya kufunga kompyuta chungulia kikasha toezi.